Ilwad Ana Tabia

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya Gumbo, kitongoji cha Juba ng'ambo ya mto, Annet hukaanga chapati kando ya barabara ya Nimule, na kila asubuhi chapati ya kwanza huila mwenyewe. Haiuzi wala haimpi mtu, hata mteja awe amesimama hapo na njaa yake. Huikunja, huiuma akiwa amefumba jicho moja, kisha husema, "Haya, moto umekubali." Ndipo biashara huanza.

Binti yake Gune alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko chapati zenyewe. Wenzake wakipita njiani hutazama magari. Yeye alitazama watu. Alijua kwamba mjomba wake Lodu, aliyebeba abiria kwa bodaboda, hawashi pikipiki kabla ya kuizunguka mara moja na kupuliza viganja vyake. Alijua kwamba Mwalimu Florence, aliyewafundisha Kiswahili, hugusa sikio mtoto akijibu vizuri na hugusa pua mtoto akijibu ovyo. Yote hayo Gune aliyaandika katika daftari lenye jalada la kijani.

Hakuwa na nia mbaya, masikini. Alitaka tu kujua kwa nini watu, ambao wote wana pua moja na masikio mawili, kila mmoja ana mambo yake madogo madogo ambayo mwenzake hana. Na alitaka kujua mambo hayo yanaitwaje.

Jumatatu moja mjomba Lodu alimvusha daraja kama kawaida na kumshusha shuleni, katika mtaa wa Hai Jalaba. Gune alikwenda moja kwa moja kwenye dawati lake, akamkuta Ilwad ameingiza pua ndani ya daftari jipya. Ilwad alikuwa binti wa Gabow, Msomali kutoka Garissa, Kenya, mwenye duka la jumla la mchele na unga katika mtaa huohuo. Hakuna daftari ambalo Ilwad aliliandika kabla ya kulinusa. Biskuti nayo aliivunja vipande vinne, akaanza na kilicho kidogo. Miaka miwili nyuma, Gune aliporudi kutoka Uganda na kuingia darasani humo bila kumjua hata mtu mmoja, Ilwad alisogea akampa nafasi, kisha akampa kipande kimoja kati ya vinne. Tangu siku hiyo walikuwa chanda na pete.

"Kila wawili wa dawati moja wataleta neno moja la Kiswahili," Mwalimu Florence alisema. "Nataka maana yake, na nataka kujua limetoka wapi. Ijumaa mtasimama mbele, na mzazi anayetaka kusikiliza anakaribishwa."

Gune aliinua mkono mwalimu hajamaliza. "Mwalimu, iko neno gani la vile vitu mtu anafanya yeye peke yake? Kama mtu kupuliza mikono kabla ya kuwasha pikipiki?"

"Vituko!" alidakia Jude kutoka nyuma. Jude alilelewa katika kambi ya Kakuma, Kenya, na mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko miguu yake. Darasa zima likacheka.

"Kituko ni jambo la kumshangaza au kumchekesha mtu," Mwalimu Florence akasema. "Anayepuliza mikono yake hajamchekesha yeyote. Na kabla hamjaniambia mazoea, mazoea ni kitu chochote unachokizoea. Hata kiti kibovu utakizoea. Tafuteni neno lenu." Hakugusa sikio wala pua, kwa hiyo Gune hakujua kama swali lake lilikuwa zuri au la ovyo.

Jioni alimfuata mama yake aliyekuwa anaosha sufuria. "Mama, ile ya kula chapati ya kwanza inaitwa nini?"

"Inaitwa njaa," Annet akajibu, kisha akamwonea huruma. Kiswahili chake alikiokota Arua, Uganda, na hakukiombea radhi. "Hiyo ni tabia, mtoto wangu. Kila mtu iko na tabia yake. Na wewe iko na yako, ya kuuliza maswali wakati mimi nashika masizi."

Tabia! Neno lilimkaa Gune vizuri mdomoni. Alifungua ukurasa mpya wa daftari la kijani akaandika kwa herufi kubwa: ILWAD ANA TABIA. Chini yake akaeleza habari ya kunusa madaftari, habari ya biskuti, na namna Ilwad anavyosema peke yake akipiga hesabu, tena kwa Kisomali, huku akivuta ncha ya mtandio wake. Alianza na Ilwad kwa sababu ndiye aliyempenda kuliko wote. Lakini hakumwambia Ilwad mwenyewe, akikusudia kumshtukiza.

Jumanne baada ya masomo alimsubiri mjomba Lodu dukani kwa Gabow, kama siku zote. Alikaa juu ya gunia la mchele, daftari magotini. Honi ilipolia nje aliruka akakimbia, na daftari likabaki juu ya gunia.

Jumatano Ilwad hakuwa kwenye dawati. Somo la kwanza lilikuwa halijafika katikati Gabow alipobisha hodi mlangoni, Ilwad akiwa nyuma yake ameinamisha kichwa. Gabow alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, na sauti yake haikupanda hata siku hiyo. Alinyanyua daftari la kijani.

"Mwalimu, samahani kwa kukukatiza. Hii nimeipata dukani kwangu. Mtu ameandika hapa ya kwamba mtoto wangu ana tabia. Ameandika hata vile anakula. Mimi nimemlea huyu msichana kwa heshima. Sasa nauliza, ni nani amemtukana?"

Gune alihisi masikio yakiwaka moto. Amemtukana? Nani amemtukana Ilwad? Alitaka kusimama aseme ni yeye na aeleze vizuri. Lakini watoto arobaini walikuwa wamegeuka wanatazamana, na Gabow alikuwa amejaa mlangoni.

"Gune," Mwalimu Florence akasema polepole, "wewe ndiye unayekaa na Ilwad. Unajua daftari hili ni la nani?"

"Sijui," Gune akasema. "Si mimi."

Maneno yalitoka kabla hajayachagua. Ilwad akainua kichwa. Aliujua mwandiko ule kuliko mtu yeyote, kwani ndio aliokuwa akiunakili kila alipokosa kusikia imla. Alimtazama Gune, akangoja. Gune akatazama miguu yake. Basi Ilwad naye akainamisha kichwa tena.

"Sawa," Gabow akasema. "Kama hakuna mwenyewe, mimi siwezi kumwacha mtoto mahali anasemwa kichinichini. Jumatatu anahamia shule nyingine." Alimshika binti yake mkono wakaondoka na lile daftari.

Mapumzikoni Gune alimvuta Jude kando ya choo cha wavulana, mahali ambapo hakuna msichana angesimama kama si kwa shida kubwa. "Jude, tabia ni nini kwa nyinyi?"

"Tabia?" Jude akacheka, kisha akaona uso wake akaacha. "Kule Kenya ukisema tu mtu ako na tabia, basi umemmaliza. Hiyo ni tabia mbaya. Hata huongezi neno lingine, watu wanaelewa."

"Na kama ni nzuri?"

"Kama ni nzuri lazima useme nzuri. Ukinyamaza, ni mbaya." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe! Ni wewe!"

"Nyamaza," Gune akasema, na machozi yakamtoka.

Alijifunza basi kwamba neno lililotoka kinywani mwa mama yake likiwa halina kosa lolote lilifika dukani kwa Gabow likiwa tusi. Jambo hilo lilimuumiza, lakini pia, na hili ndilo lililomfanya Gune awe Gune, lilimwasha udadisi. Neno lile lile linawezaje kuwa na sura mbili? Lilizaliwa na sura gani?

Alhamisi Mwalimu Florence alimwita mezani. Walimu si wajinga. Naye alikuwa amesahihisha madaftari ya Gune kwa miaka miwili. Hata hivyo hakumuuliza lolote. Alimpa risiti akamwambia, "Baada ya masomo pitia kwa mzee Lokosang, fundi wa mihuri. Mwambie akupe muhuri wa shule kama uko tayari. Na ukiwa na maswali, yule mzee anapenda maswali."

Kibanda cha mzee Lokosang kilikuwa nyuma ya maduka ya vitambaa. Ndani mlinuka wino na mpira, na juu ya mlango palikuwa na kibao cha zamani chenye maandishi ya Kiarabu, na chini yake herufi za kawaida: MATBAA. Mzee mwenyewe alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisomea kazi yake Khartoum, ujanani.

"Taali, ya bineya," alimwita aingie, kwa Kiarabu cha Juba. "Muhuri wa mwalimu uko hapa. Bado kujaribu."

Gune hakuuangalia muhuri. Alikuwa ametoa macho kwenye kibao. "Mzee, matbaa ni nini?"

"Ni mahali pa kuchapa. Si kuchapa na fimbo, usikimbie. Kuchapa karatasi."

"Mat-baa," Gune akarudia. "Ta-ba. Mzee, iko undugu na tabia?"

Lokosang aliweka muhuri chini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miaka thelathini kile kibao kiko pale," akasema. "Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza."

Alivuta kipande cha karatasi akachora herufi tatu za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. "Hizi tatu ni mama wa maneno yote mawili. Ta, ba, ain. Kazi yake ni kugonga alama, kama muhuri. Ukiweka ma mbele, unapata matbaa, mahali pa kugonga. Ukizivuta hivi, unapata tabia: kile ambacho kimegongwa ndani ya mtu, mpaka unamjua kwa hicho. Waswahili walilichukua kwa Waarabu likiwa hivyo hivyo."

"Basi ni nzuri au ni mbaya?"

"Muhuri ni mzuri au mbaya?" Mzee alicheka. "Inategemea umechongwa nini. Neno halina kosa. Angalia."

Aligonga muhuri wa shule kwenye sponji ya wino, kisha kwenye karatasi. Jina la shule likatokea, jeusi, likimeremeta. Mara akapitisha kidole chake juu yake, na herufi zikafutika zikawa doa. "Ikiwa mbichi, inafutika. Kidole kinachafuka, lakini inafutika. Ukiiacha ikauke, ukagonga tena pale pale, na tena, basi hapo hata sabuni haikusaidii. Na mtu ni hivyo. Anafanya jambo mara moja, mara mbili, mwisho anaitwa kwa jambo hilo."

Gune alitazama kidole cha mzee kilichochafuka. Jambo lake alilifanya jana, tena mara moja tu. "Mzee," akauliza kwa sauti ndogo, "uongo wa siku moja unakauka lini?"

Lokosang hakucheka tena. "Sijui wako ni upi. Lakini mimi ningekuwa wewe nisingekaa hapa nikiongea na mzee."

Gune alisahau kumshukuru. Aliuchukua muhuri akatoka mbio, akapita maduka ya vitambaa, akaingia dukani kwa Gabow akihema. Palikuwa na wateja watatu na wapakiaji wawili wenye magunia mabegani. Alitamani warudi wote makwao. Hawakurudi.

"Baba Ilwad," akasema, "lile daftari ni langu. Niliandika mimi. Na jana nikasema si mimi."

Wateja wakageuka kumtazama. Gabow aliendelea kufunga gunia kwa kamba, fundo la kwanza, fundo la pili. Kisha akasema bila kumtazama, "Ulikuwa unakaa juu ya magunia yangu kila siku. Unakunywa chai hapa. Kumbe unaandika. Nenda nyumbani, Gune."

Miguu ilitaka kwenda. Gune akaizuia. "Nitaenda. Lakini mimi sikumtukana Ilwad. Kwa mama yangu, tabia ni kile kitu mtu iko nacho yeye tu. Mama iko na tabia ya kula chapati ya kwanza. Mjomba anapuliza mikono. Mimi sikujua kwenu ni tusi. Jude ndiye aliniambia." Alieleza habari ya matbaa, na herufi tatu, na muhuri, akichanganya Kiswahili na Kiarabu cha Juba na kulia kidogo, mpaka mpakiaji mmoja akatua gunia asikilize vizuri.

Gabow aliacha kamba. "Ta, ba, ain," akarudia. Alizijua herufi hizo tangu chuo cha Kurani, alipokuwa mdogo kuliko Gune. "Dabeecad," akasema kwa Kisomali, kama aliyemsikia jamaa yake akiitwa njiani. "Sisi tunasema dabeecad. Ni lile lile neno. Hulka ya mtu, vile alivyo. Garissa nimelisikia kwa Kiswahili miaka yote, na sikuwahi kufikiria ni lile letu." Alijipangusa uso. "Basi mimi pia nilisoma mstari mmoja nikakasirikia kitabu kizima. Lakini niambie, ulimwomba Ilwad ruhusa ya kumwandika?"

"Hapana."

"Sasa hilo, hata kwa Kiarabu safi, ni kosa."

"Ndiyo, Baba Ilwad."

Pazia la nyuma likasogea, Ilwad akatoka. Bila shaka alikuwa amesikia yote. "Aabo, mimi daftari halikuniudhi," alimwambia baba yake, kisha akamgeukia Gune. "Nilicheka hata, ile ya mtandio. Kilichoniuma ni wewe kusema 'si mimi' nami nimesimama pale pale. Ningeweza kukutaja. Sikukutaja kwa sababu nilidhani utasema mwenyewe. Nikangoja."

Gune alifuta machozi. "Nilikuogopesha nini mimi?" Ilwad akauliza tena, na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia.

"Si wewe. Nilimwogopa baba yako. Nisamehe."

Ilwad alisogea karibu. Alichukua muhuri mkononi mwa Gune, akaupeleka puani, akaunusa. Mpakiaji aliyetua gunia akaangua kicheko, na Gabow, ambaye watu wa Hai Jalaba hawakuzoea kumwona akicheka, akageuza uso upande wa mchele.

"Jumatatu?" Gune akamuuliza kwa woga.

"Kwanza nione Ijumaa," Gabow akasema.

Ijumaa Gabow alikuja mapema kuliko wazazi wote, akakaa karibu na mlango. Gune aliomba kusema jambo kabla ya kazi yao. Mbele ya darasa zima alisema daftari lilikuwa lake na Jumatano alidanganya. Alilisema mpaka mwisho. Kisha wakaeleza neno lao: maana yake, herufi zake tatu, na safari yake mpaka Uswahilini na Usomalini, na jinsi linavyoweza kuwa tusi Kenya na kuwa halina kosa lolote Arua. Walipouliza nani anataka kuandikwa tabia yake, mikono ikainuka. Jude akainua miwili.

"Na mimi nimeandika ya Gune," Ilwad akasema mwishoni. "Nimemwomba ruhusa, amekubali, lakini hajaisoma." Akafungua karatasi. "Gune ana tabia. Huuliza maswali hata kwenye choo cha wavulana." Darasa likacheka, naye akangoja litulie. "Akikosa, hurudi mwenyewe akasema."

Gune alitazama chini, na safari hii haikuwa kwa aibu. Gabow alisimama, akamwambia mwalimu mbele ya wote kwamba Jumatatu Ilwad atakaa alipokaa sikuzote.

Mwalimu Florence aligusa masikio yake, la kulia na la kushoto. "Mmefanya kazi nzuri. Neno ni mgeni, watoto. Kabla hamjamtuma nyumbani kwa watu, ulizeni kwanza kule wanamjuaje. Nawe unayepokea neno, uliza aliyekutumia alimaanisha nini kabla hujakasirika. Na mtu si wa kuandikwa bila idhini yake." Akamgeukia Gune. "Lakini Ilwad amekupa sifa mapema. Kurudi na kusema kweli umefanya mara moja tu, na jambo la mara moja bado si tabia. Utakosa tena, kwa maana sote hukosa. Siku hiyo rudi tena, hata kama mlango umejaa mtu mrefu. Ukirudi mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi, ndipo mimi nitakapoiandika sentensi hiyo ubaoni kwa mkono wangu."

"Ndiyo, Mwalimu," Gune akasema, akarudi kukaa. Ilwad alikuwa tayari amesogea kando kumpa nafasi.